Nilipima Mashine kwa Mgongo

Siku mkono wa trela ulipokatika, magogo ya mikaratusi yalishuka barabarani moja moja, taratibu, kama abiria wanaotafuta nauli mfukoni. Trekta likaenda zake. Dereva alishangaa tu: leo lina nguvu kweli! Alikuwa mita mia tatu mbele, anapiga mluzi, taniboi alipomfikia akihema.

Hajji, bosi wetu, hakugomba. Hajji akikasirika huhesabu. Alikaa juu ya gogo akahesabu kwa vidole ni mara ngapi mwaka ule tumemwita yule fundi wa Masindi mwenye mitungi miwili ya gesi kwenye pikapu. Ukimwita leo anakuja keshokutwa, anataka mafuta, anataka chakula cha mchana, na ukimwuliza bei anaangalia mbinguni kwanza. Vidole vikamwishia.

"Basi. Tununue vyetu. Cha kuchomea na cha kukatia. Nani anaijua Kampala?"

Nikanyosha mkono. Hapo ndipo pa kunilaumu, kwingine kote nilikuwa nateleza tu. Nilikaa Katwe miaka miwili, na Katwe ndiko chuma kinakogeuzwa geti, jiko, toroli na chochote utakacho. Ila mimi kule nilikuwa nakaanga rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai. Mkabala na mafundi, sawa, hata moshi wao ulikuwa unaingia kwenye chapati zangu, nami nikauhesabu moshi ule kuwa ni elimu.

Hajji akanipa milioni moja na laki mbili, akaniita "Fundi" mbele ya vibarua wote. Jina lile lilinipanda kichwani kabla basi halijavuka daraja la Kafu.

Duka la kwanza niliuziwa maswali. Mwenye duka ni dada mmoja aliyelelewa kambini, baba yake askari. Alipoona Luganda yangu ni ya kuuzia chapati tu, akageuza Kiswahili, na Kiswahili chake kimenyooka kama gwaride. Akaniwekea mezani kitu chekundu chenye mkanda wa kubebea begani. Mashine ya kuchomea aina ya inveta, akasema, ampea 160, kilo sita. Nikainyanyua kwa vidole viwili. Jamani! Mkoba wa mama anayekwenda harusini ni mzito kuliko ile.

"Dada, mimi natengeneza trela la magogo. Si redio."

Hakucheka. "Umeme wenu ni wa nguzo au wa jenereta? Jenereta kVA ngapi, yaani uwezo wake? Kutoka kwenye mita hadi mnapochomea ni hatua ngapi? Waya wake mnene vipi? Na hicho chuma ni milimita ngapi?"

"Nimekuja kununua, dada. Sikuja kufanya mtihani."

Akaendelea kana kwamba aliyesema ni feni. Chuma cha milimita 12, akaniambia, hakitaki maajabu: unasaga kingo ziwe mteremko, unachomea tabaka juu ya tabaka, rodi ya kuchomea yenye unene wa geji 10 inakula ampea mia na kitu, jenereta ya kVA 7 inaibeba hiyo kazi. Kwa kuwa mkono wa trela unavutwa na kutikiswa kutwa, nichukue rodi za aina ya 7018 na nizitunze pakavu, nisizilaze chini na majembe. Transfoma kubwa, ile mashine ya zamani yenye koili nzito ya waya, kwa kazi ileile inakunywa umeme mwingi zaidi. Halafu akanionyesha kibandiko nyuma ya inveta: asilimia 60. Maana yake katika kila dakika kumi unachomea sita, mashine inapumzika nne. Mashine isiyoandikwa namba hiyo, ila ina ampea tu kwa herufi kubwa, niiogope.

Mimi nilisikia neno moja: inapumzika. Kwa Hajji hata punda hapumziki dakika nne.

Kuhusu kukata, nilitaka mitungi kama ya yule wa Masindi, kwa sababu ya heshima. Dada akasema oksijeni na asetilini ni kitu kizuri kwa mwenye kazi kila siku. Kwa mara moja au mbili kwa mwezi ni kufuga ng'ombe kwa ajili ya chai ya Idi. Mtungi ukiisha unaurudisha mjini, na ule wa asetilini husafiri umesimama, haulazwi kwenye trela ukarukaruka na magogo. "Chukua grainda ya inchi 9 na diski za kutosha." Niliposhangaa bei, aliyaandika yale maswali yake kwenye kikaratasi, akaongeza namba ya simu. "Ukipata majibu, nipigie."

Grainda nilinunua kwingine, ya inchi 4 na nusu, na diski tatu. Miwani ya kuchomea sikununua, nilikuwa na ya jua.

Mashine niliikuta kichochoroni, kwa mzee mmoja mpole. Transfoma ya kijani, kubwa kama sanduku la bibi harusi, na ubavuni imeandikwa 400 kwa brashi. Nilipojaribu kuiinua mgongo ulilia kwa sauti. Nikajua nimefika. Tuliipeleka kwenye mizani ya muuza mahindi: kilo 41! Mzee akataka laki saba, nikamshusha hadi laki sita na elfu ishirini, nikapiga hesabu palepale: elfu kumi na tano na ushee kwa kilo. Nyama haina bei nzuri namna hiyo ukitoa mifupa.

"Hii mwanangu," mzee akasema akinishika bega, "itakaa hapo utakapoiweka." Neno hilo sitamdai. Alilitimiza.

Konda wa basi alinitoza kiti kizima. Pale Migyera watu walishuka kula nyama choma, mimi nikabaki nimeikumbatia mashine.

Jaribio la kwanza lilikuwa kambini kwetu, kwa jenereta ya kuchajia simu. Nikavaa miwani yangu ya jua, vibarua wakarudi nyuma kwa adabu, nikagusa chuma. Jenereta ikainama, ikakohoa kama mvuta tumbaku, ikazima. Simu kumi na saba zikabaki na asilimia tatu. Nikasema jenereta ni mbovu.

Trela likakokotwa hadi senta, kwenye stoo ya Hajji penye umeme wa nguzo. Jumamosi jioni. Nikaunganisha waya za taa tatu, mkia kwa mkia, hadi nikafika uani. Mtihani wa dada sikuukumbuka. Wala sikukumbuka kwamba ukuta wa pili ni kibanda cha mpira, na kwamba jioni ile Arsenal wanacheza.

Nikagusa. Cheche ndogo, rodi ikanasa kwenye chuma kama ulimi kwenye barafu ya friji. Upande wa pili wa ukuta watu mia moja wakasema "Aaah!" Nikafikiri wamekosa goli. Nikaibandua rodi, nikagusa tena. "AAAH!" Arsenal leo wana bahati mbaya, nikajisemea, nikaongeza namba hadi mwisho, maana rodi inayonasa si ndiyo inataka nguvu? Transfoma ikaanza kunguruma na kutoa harufu ya kande zilizoungua.

Mtoto mmoja aliyekuwa amekaa juu ya ukuta ndiye aliyefanya utafiti. Alitazama kwangu, akatazama kibandani, kwangu, kibandani. Kisha akapaza sauti, polepole, ili wote waelewe: "Huyu akigusa, televisheni inazima. Akiachia, inawaka."

Ningeacha hapo ningeokoka. Lakini rodi ilikuwa imenasa tena, na katika kuivuta nikaikandamiza. Kwenye nguzo kukalia pah! Senta nzima ikawa giza, na katika giza lile nikasikia viti vya plastiki vikianguka. Baadaye niliambiwa ilikuwa penalti.

Nilipitia mlango wa nyuma wa msikiti.

Saa saba za usiku macho yakaniwaka, kama mtu amenimwagia mchanga wa moto. Miwani ya jua, kumbe, haizuii kitu pale. Mke wa Hajji, Mungu amlipe, akanikatia viazi vibichi na kunibandika machoni, kila nikilia anabadilisha vipande. Kwa hiyo Jumapili kesi iliposikilizwa barazani mbele ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, mshtakiwa alikuwa na viazi viwili usoni. Mwenye kibanda alidai viingilio vya watu mia. Mwenye saluni alidai. Mtu mmoja alidai penalti.

Hajji alikuwa amemwita fundi wa Masindi aje kuifungua mashine. Ndiyo, yuleyule, nilimtambua kwa harufu ya pikapu. Nikasikia bolti zinazunguka, bati linatoka, kisha kimya. Kisha mtu akapiga kofi paja lake.

"Kuna nini?" nikauliza. Hakuna aliyejibu. Nikasikia kisu kinakwaruza. "Koili ni aluminiamu," fundi akasema, "imepakwa rangi ifanane na shaba. Na hiyo koili yenyewe ni ndogo. Kilo kumi, kumi na mbili."

"Kumi na mbili? Nyingine ziko wapi?"

Akanishika mkono, akauingiza ndani ya sanduku. Baridi. Kikwaruzo. Sikuhitaji macho, nimejenga nyumba, zege nalijua kwa kiganja. Upande mmoja lilikuwa limesawazishwa vizuri, hata nyayo za paka zilikuwepo.

Hapo ndipo baraza lilipoanguka. Mwenyekiti wa LC alicheka hadi akaahirisha kesi. Hajji peke yake hakucheka, nilimsikia anahesabu. Zege lile leo ni kigingi cha gurudumu la trela tukipaki mlimani, na kwa kazi hiyo halijawahi kutuangusha.

"Kile kikaratasi kiko wapi?" Hajji akauliza.

Kilikuwa mfukoni, kimefungiwa vitumbua. Akapiga namba yeye mwenyewe, akaniwekea simu sikioni.

"Haloo, dada, mimi ni yule kijana wa Bweyale, wa trela la magogo..."

"Yule wa mtihani?"

"Ndiyo, dada."

"Haya. La kwanza: kutoka kwenye mita ni hatua ngapi?"

Nikasimama, viazi vyangu usoni, yule mtoto wa ukutani akanishika mkono, tukaanza kuhesabu.