Si kila Escort yenye madigadi mapana ni RS, na hilo si dhambi

Ford Escort ya zamani ikiegeshwa penye watu, lazima mmoja atainama. Haangalii rangi wala rimu. Anaomba boneti ifunguliwe, anamulika tochi kwenye kibati cha namba, kisha anainuka na neno moja tu: feki. Watu wanacheka, mwenye gari anajikunja, na mjadala unakufa kabla haujazaliwa.

Mpekuzi huyo ana hoja, nami nitaanza naye. Escort ilizinduliwa Januari 1968 kama gari la kawaida la familia, na kiwanda cha Halewood, Uingereza, kikaziachia kwa wingi. Zile kali, nyingi zikibeba herufi RS (Rallye Sport), zilikuwa chache. Kulikuwa na Twin Cam yenye injini ya Lotus ya cc 1558. Mwaka 1970 ikaja RS1600 yenye injini ya BDA ya Cosworth, vali 16. Baada yake zikaja Mexico na RS2000. RS1600 zinakadiriwa kuwa elfu moja na mia hivi tu. Leo pengo la bei kati ya RS1600 na 1300 ya mlango mbili si la kuzibwa kwa mshahara, na nje yake magari hayo mawili hutofautiana kwa vitu ambavyo fundi mzuri hukutengenezea ndani ya mwezi. Penye pengo kama hilo, muongo hakosekani.

Ndiyo maana watu wamejifunza kusoma chuma. Kuanzia mwishoni mwa 1970 magari ya RS na Mexico yalijengwa Aveley, Essex, kwenye kiwanda kidogo cha Ford kilichoitwa AVO (Advanced Vehicle Operations), na namba zao za chesisi huanza na BF. Zilizotoka Halewood huanza na BB. Halafu kuna bodi yenyewe, ile inayojulikana kama Type 49, iliyoongezewa chuma sehemu zinazopigwa zaidi. Mtego mkubwa ni Escort Sport ya 1300. Kiwanda chenyewe kiliipa madigadi mapana ya mbele kama ya Mexico, lakini chini ya ngozi bodi yake ni ya Escort ya kawaida. Kwa mtu anayetaka kukuuzia Mexico bandia, nusu ya kazi ilishafanywa na Ford.

Nilioneshwa haya katika gereji moja karibu na Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Fundi alinyanyua boneti, akanishika mkono na kuupitisha juu ya pale shokapu ya mbele inapofungwa kwenye bodi. "Papasa hapo." Type 49 ina bamba la ziada mahali hapo. Gari lile nalo lilikuwa nalo, ila weldi yake ilikuwa nene, imepinda kama njia ya mchwa ukutani. Nikamwangalia usoni nikidhani kanionesha aibu ya mtu mwingine. Akatabasamu. "Weldi yangu hiyo."

Alilikuta Limuru likiwa banda la kuku. Sport ya 1300, sakafu imeoza, kiti cha nyuma kimejaa manyoya. Kwa miaka mitatu, kila kazi ya mteja ikiisha, alirudi kwake: bamba hapa, difu pale, injini ya Ford ya cc 1600 ya vijiti (vali zake husukumwa na vijiti, muundo rahisi kuliko wa BDA), ndugu ya ile ya Mexico. Sasa gari linakwenda, na linakwenda vizuri. Mtu huyu, kwa hesabu ya mpekuzi, ametengeneza feki.

Lakini tuiangalie hiyo orijino yenyewe. Aprili na Mei 1970 mashindano ya magari ya Kombe la Dunia yalipita kutoka London hadi Mexico, kilomita zaidi ya 25,000, na Hannu Mikkola na Gunnar Palm wakashinda kwa Escort. Hawakutumia BDA. Walichukua injini ya vijiti iliyopanuliwa hadi karibu cc 1850, kwa kuwa huko Andes walitaka kitu kinachotengenezeka kwa nyundo. Ford wakaona soko, wakatoa gari la barabarani la cc 1600, nguvu za farasi 86, wakaliita Mexico na kukuuzia mistari ya rangi ubavuni ukiipenda. Maana yake ni kwamba Mexico, ambayo leo inalindwa dhidi ya waigaji, nayo ilizaliwa kwa kuigiza gari jingine. Tofauti ni kwamba mwigaji alikuwa na kiwanda.

Kisha kuna jambo linaloninyima usingizi kuliko mengine: hesabu ya pointi. Kwa miaka mingi, mamlaka ya leseni za magari ya Uingereza ilipotaka kuamua kama gari lililobadilishwa sana bado ni gari lilelile, ilihesabu vipande. Ulihitaji pointi 8 ili ubaki na namba yako. Bodi au chesisi pointi 5. Saspensheni 2, eksili 2, gia boksi na mfumo wake 2, usukani 2. Injini? Pointi 1.

Pima hiyo kwa RS1600. Jina lote la gari lile limo kwenye BDA. RS1600 na Mexico zilitoka Aveley kwenye mstari uleule, zikiwa na bodi ileile ya Type 49. Toa injini na vinavyoifuata, hutapata mengi ya kuzitenganisha. Kitu kinachofanya RS1600 iwe RS1600 kilihesabiwa kuwa sehemu ndogo kuliko vyote, tena hushushwa kwa winchi jioni moja. Uzito wote ukawekwa kwenye boksi la chuma. Na boksi hilo ndilo la kwanza kufa! Uingereza huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Huku kwetu lilikuwa likipasuliwa na mawe, mashimo na barabara za mawimbi. Utambulisho wa gari umefungwa kwenye kiungo kisichodumu.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Mwenye namba ya BF anakata kizingiti kilichooza na kuchomelea kipya. Mwaka ujao sakafu, mwaka wa tatu madigadi, kisha paa. Anaitwa mkarabati, na gari lake orijino, hata kama chuma cha Aveley kilichobaki ndani yake kinaenea kwenye sinia. Fundi wa Kirinyaga amefanya kazi ileile, pengine kwa weldi mbaya kidogo, lakini alianza na BB. Yeye anaitwa mwigaji.

Na wenye haki ya kwanza ya kulielewa hili ni sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1972 Mikkola na Palm walishinda Safari Rally kwa RS1600, na Mikkola akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya eneo hili kuichukua tangu ilipoanza 1953. Mwaka 1977 Björn Waldegård akaichukua kwa Escort RS1800. Magari yale hayakuwa vito vya sandukuni. Timu za kiwanda za enzi hizo zilikuwa na desturi ya kubadilisha bodi iliyochoka na kubaki na namba ya usajili ileile. Kilichoendelea kuishi kilikuwa namba. RS1800 za barabarani, idadi inayotajwa mara nyingi ni 109. Safari Classic, ile ya magari ya zamani, ilipoanza 2003, hakuna aliyetarajia kila Escort ya pili itakayopita Naivasha iwe imetoka kwenye hizo 109. Mwaka 2007 Waldegård akashinda tena kwa Escort, miaka 30 baada ya ile ya kwanza, na sikumbuki mtu yeyote aliyesimama kando ya vumbi akidai kwanza aoneshwe kibati.

Upande wa pili una kidonda chake, nisikifiche. Escort za kawaida za mlango mbili zinaliwa. Kila Mexico ya kuigiza ina 1100 au 1300 iliyochinjwa ndani yake, na gari la mwalimu au karani la 1970, lenye kapeti yake ya mpira na mita moja ya mwendo, limeanza kuwa adimu kuliko la mashindano. (Za mlango nne zimepona kwa ubaya wa sura tu.) Hili ni hasara ya kweli, na hata fundi wangu hakuwa na jibu lake zaidi ya kusema kuwa kuku walikuwa wametangulia.

Wizi ninaouogopa uko kwingine. Gari la RS lililokufa kabisa lina thamani kwenye kibati na karatasi zake pekee, kwa hiyo kibati kinang'olewa na kupigwa riveti mpya kwenye bodi ya gari jingine. Hapo ndipo wapekuzi na madaftari ya vilabu vya wamiliki wanapofanya kazi ya maana. Na kuna uongo mdogo wa mdomo. Niliwahi kumpigia muuzaji mmoja simu nikamuuliza, "Hiyo ni RS?" Akajibu, "Bosi, ina RS zote." Sikuuliza tena. Kwenye sentensi ile hakuna uongo hata mmoja, na ni utapeli mtupu.

Mwaka 2024 kampuni ya Boreham Motorworks ilitangaza itajenga Escort RS mpya 150 za toleo la kwanza (Mk1) kwa leseni ya Ford, kuanzia pauni 295,000. Chuma kipya, mikono mipya, zaidi ya nusu karne baada ya zile za mwanzo, lakini baraka ipo. Sijasikia wengi wakiziita feki. Kwa hiyo kinachobishaniwa ni karatasi, na kama ni karatasi, basi mwigaji anadaiwa jambo moja: asiandike asichokuwa nacho. Mistari, rimu, BDA akiipata, hayo ni yake.

Nilimuuliza fundi kama hajashawishika kutafuta kibati cha BF. Alisema ameshaletewa, kimoja kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, na bei yake ilikuwa inashinda injini. Akafunga boneti nusu, akaifungua tena, akamulika. Kile cha Halewood kilikuwa mahali pake, kimechafuka kwa mafuta, na riveti zake za zamani hazina alama hata moja ya bisibisi.