Siku ya Shukrani Isiwe Siku ya Masimango

Novemba ikifika katikati na Siku ya Shukrani ya Marekani ikikaribia, mazungumzo ya akina mama wa Kikenya hapa Lowell, Massachusetts, hugeukia bata mzinga, kitoweo cha siku hiyo. Nani ana oveni kubwa, nani atapika pilau, nani ataleta chapati, na nani yuko zamu Alhamisi hiyo. Swali la mwisho ndilo zito, kwa sababu wengi wetu tunafanya kazi hospitalini na katika makao ya wazee, na mgonjwa hana sikukuu. Kisheria Siku ya Shukrani ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Katika nyumba za wauguzi huwa siku yoyote ambayo ratiba itawakutanisha watu wote, hata kama ni Jumamosi jioni.

Ninaipenda sikukuu hii kwa moyo wote. Haidai zawadi wala nguo mpya, na Mkristo, Mwislamu na asiye na dini huketi meza moja bila yeyote kujiona yuko ugenini. Lakini kuna jambo linalofanyika mezani petu, katika nyumba nyingi za watu wetu, ambalo ningependa tuliache. Mzazi anasimama kuombea chakula, na kabla hajafika kwenye amina ameshawakumbusha watoto kwamba yeye alikwenda shule miguu mitupu, kwamba nyama ilikuwa ya Krismasi tu, kwamba shangazi aliuza ng'ombe ili nauli ya ndege ipatikane, na kwamba watoto wa siku hizi hawajui walichopewa. Wakati mwingine anamalizia na ile methali, shukrani ya punda ni mateke. Kisha anawageukia: haya, kila mmoja aseme anashukuru nini. Watoto wanajibu kwa zamu, macho yakiwa kwenye sahani: chakula, afya, familia. Amina. Tunakula.

Hayo ni masimango, hata yakisemwa kwa sauti ya sala. Mtoto anayesimangwa anajifunza kwamba kila kitu alichowahi kupewa kimeandikwa mahali, na kwamba siku moja atadaiwa. Mtoto wa namna hiyo hujifunza kujitetea, na akikua hupunguza simu za nyumbani, kwa sababu kila simu ina hesabu ndani yake. Wazee wetu wenyewe walituonya: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Tunawanukuu kwa majirani na marafiki, lakini tukifika kwa watoto wetu tunasimama palepale kungoja.

Isitoshe, watoto wanaona. Wanatuona tukiingia saa moja asubuhi na miguu imevimba baada ya zamu mbili mfululizo. Wanajua nani alilipa karo ya binamu huko nyumbani na nani hakununua koti jipya mwaka ule. Hawahitaji kusomewa orodha. Wanachokosa ni mfano wa namna mtu anavyoshukuru, na mfano huo hauwezi kutoka kwao kama haujatoka kwetu.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: mezani, wazazi waanze, na wawashukuru watoto. Wasiwashukuru kwa ujumla. Mtoto atajwe kwa jina, litajwe alilofanya, na asikie lilimfaa nani. "Mwanangu, asante kwa kumwamsha mdogo wako na kumfikisha kwenye basi la shule zile wiki nilizokuwa zamu ya usiku. Nilifanya kazi moyo wangu ukiwa umetulia." Sentensi kama hiyo huchukua nusu dakika. Nimeona kijana wa miaka 15, ambaye kwa kawaida hujibu kila kitu kwa kuinua mabega, akiinua uso na kumtazama mama yake sawasawa. Na zamu yake ilipofika hakusema chakula, afya, familia. Alimshukuru dada yake kwa kukaa naye jikoni usiku aliofeli mtihani, bila kumwambia mtu. Sisi wakubwa hata hatukujua kuhusu mtihani huo.

Mdogo kabisa akisema anamshukuru kaka kwa kumwazima chaja, apokelewe kwa heshima ileile. Chaja ile ina mtu, ina tendo, ina siku yake. Neno "familia" likisemwa peke yake halimfikii mtu yeyote.

Tuna jirani zetu Wakongo, baadhi yao wamepitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Tanzania, na Kakuma, Kenya, kabla ya kufika Marekani. Katika nyumba hizo mara nyingi mtoto ndiye mkalimani: anasoma barua za bima, anajibu simu za shule, anakaa kati ya daktari na mama yake akitafuta Kiswahili cha ugonjwa ambao yeye mwenyewe haujui. Huo ni mzigo wa mtu mzima. Kumwambia mtoto huyo kwamba hana shukrani kwa sababu amesahau kuosha vyombo ni kumwonea. Kumwambia mbele ya familia nzima, "siku ile hospitalini ulikuwa mdomo wangu na masikio yangu," ni kumlipa haki yake.

Kwamba kushukuru humfaa pia anayeshukuru, watafiti wameliangalia. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti ambamo kundi moja la wanafunzi liliandika kila wiki, kwa wiki kumi, mambo yasiyozidi matano ya kushukuriwa, na kundi jingine likaandika kero zake. Walioandika mambo ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi na waliitazama wiki inayokuja kwa matumaini zaidi. Utafiti ninaoupenda kuliko huo ni wa Amit Kumar na Nicholas Epley wa mwaka 2018. Hao waliwaomba watu wamwandikie barua mtu aliyewahi kuwatendea jema, na wakisie atakavyojisikia akiisoma. Waandishi walidhani mpokeaji ataona aibu kiasi fulani na atafurahi kiasi fulani. Wapokeaji walipoulizwa, aibu ilikuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa na furaha kubwa zaidi. Nikisoma hayo nawafikiria akina baba wa kwetu, ambao wanaweza kukutumia pesa yao ya mwisho lakini wakashindwa kabisa kukutamkia asante, wakiogopa kuonekana wanajipendekeza au wamelegea. Akina baba, wale mnaoogopa kuwaambia wanangoja kusikia.

Sasa, mtu hawezi kumshukuru asiyemjua, na hapo ndipo historia ya siku hii inapoingia. Shuleni watoto wanaambiwa kwamba mwaka 1621 wahamiaji kutoka Uingereza waliokaa Plymouth, hapa Massachusetts, walikula pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa eneo hilo, na wanarudi nyumbani na picha ya bata mzinga waliyoichora kwa kufuatisha kiganja. Waambieni na mengine. Abiria wa Mayflower, meli iliyowaleta wahamiaji hao, walikuwa 102, na karibu nusu yao walikufa majira ya baridi ya kwanza. Waliobaki walifundishwa kupanda mahindi na Tisquantum, mwenyeji wa kijiji cha Patuxet, aliyekuwa ametekwa mwaka 1614, akapelekwa Hispania kuuzwa utumwani, na aliporudi kwao akakuta kijiji kizima kimemalizwa na maradhi. Plymouth ilijengwa mahali pa kijiji hicho. Katika karamu yenyewe, kwa barua ya Edward Winslow, mmoja wa wahamiaji hao, Massasoit, kiongozi wa Wawampanoag, alifika na watu wapatao 90, wakaleta kulungu watano. Na miaka hamsini na kitu baadaye vizazi vya pande hizo mbili vilikuwa vitani.

Mwaka 1970 Wamsutta Frank James, Mwampanoag, alialikwa kuhutubia sherehe za miaka 350 tangu wahamiaji wale wafike. Waandaaji walipoisoma hotuba yake mapema waliikataa. Yeye na wenzake wakakusanyika Cole's Hill, Plymouth, Siku ya Shukrani yenyewe, wakaiita siku ya taifa ya maombolezo, na mkutano huo umeendelea kila mwaka hadi leo, katika jimbo hilihili letu. Sioni sababu ya kuwaficha watoto. Sisi tunaotoka nchi zilizotawaliwa na wakoloni tuna kila sababu ya kuelewa. Familia inaweza kukaa mezani, ikawataja Wawampanoag kwa jina lao, ikasema wazi kwamba ardhi hii ilikuwa na wenyewe na kwamba wenyewe bado wapo. Shukrani yetu haipungui kwa kusema hivyo. Inapungua tukila kana kwamba chakula kilijileta chenyewe.

Na kama mnatafuta mfano wa namna ya kushukuru, mzuri kuliko wote ninaoujua unatoka kwa wenyeji wa bara hili. Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa sita wakiwemo Wamohawk na Waseneca, hufungua mikutano yao kwa maneno marefu ya shukrani. Wanaanza na watu, kisha dunia mama yetu, kisha maji, samaki, mimea, wanyama, miti, ndege, pepo, ngurumo, jua, mwezi, nyota. Kila kimoja kinatajwa na kazi yake inasemwa, na baada ya kila kimoja waliokusanyika wanaitikia kwamba nia zao ni moja. Hawangoji Novemba. Nimewasomea watoto baadhi ya maneno hayo, na kilichowashangaza ni urefu: mtu anasimama kumshukuru hata samaki kwa kusafisha maji. Mwanangu aliuliza kwa nini sisi tunamaliza kwa sekunde kumi.

Kuna familia ambazo mwaka huu zina kiti kitupu, na kwao mtu akisema "tushukuru kwa yote" inauma. Msiwalazimishe kutabasamu. Rais Abraham Lincoln alipotangaza siku hii mwaka 1863, baada ya mhariri wa jarida, Sarah Josepha Hale, kuipigania kwa miaka mingi, nchi ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na katika tangazo lilelile aliwataka watu wawaombee wajane, yatima na wafiwa. Sikukuu hii tangu hapo imebeba msiba. Aliyefiwa anaweza kumshukuru marehemu kwa jambo moja alilomfanyia, akalia, na chakula kikaendelea kuwa mezani.

Punguzo za madukani za Ijumaa inayofuata sina la kusema juu yake, anayehitaji friji akanunue. Ningeomba tu mtu asiondoke mezani na simu mkononi kabla wengine hawajasema.

Na wale wa nyumbani. Tunatuma pesa kila mwezi, na kwa kutuma tunadhani tumekwisha kushukuru. Nyanya aliyelea watoto watatu wa ndugu zake, akauza maziwa ili mmoja wao afike chuo cha uuguzi, anapokea ujumbe wa M-Pesa wenye jina na kiasi. Hajawahi kuambiwa kwamba yale maziwa yanakumbukwa. Mkipiga simu siku hiyo, msianze na habari za mvua na nani amekufa. Mpeni simu mtoto aliyezaliwa huku, amwambie nyanya kwa Kiswahili chake hichohicho cha kuvunjika: mama ametuambia ulikuwa unaamka saa kumi alfajiri kukamua, asante. Mtoto atakuwa amejifunza jambo juu ya mama yake ambalo masimango ya miaka kumi yasingemfundisha, na nyanya atakuwa amelisikia yeye mwenyewe, angali hai. Pigeni kabla ya saa saba mchana. Huko itakuwa saa tatu usiku, na wazee hulala mapema.