Mass Effect 3 ilinikumbuka mpaka dakika kumi za mwisho

Juzi mdogo wangu kamaliza Mass Effect 3, lile gemu la video la vita vya anga za juu, anaicheza kwenye ile Legendary Edition ya 2021 yenye zote tatu, akaja sebuleni kuniambia kaka mbona mwisho uko poa tu, nyie wachezaji wa zamani mlilalamika bure. Imenikera mpaka usingizi ukakata.

Yeye kazikuta zote zimepangwa. Mimi nilianza la kwanza kwenye kompyuta ya jamaa yangu hapa Nkuhungu, kila nikimaliza kucheza nakopi sevu kwenye flashi naondoka nayo, maana mashine ikipigwa Windows upya kila kitu kinafutika. Ile flashi niliitunza miaka. Sevu ya la kwanza unaiingiza kwenye la pili, ya pili kwenye la tatu, na gemu linakumbuka ulichofanya.

Chukua habari ya Wakrogan tu, viumbe wapiganaji wa sayari nyingine. La kwanza, kwenye sayari ya Virmire, Wrex, Mkrogan wa kikosi chako, anakutolea bunduki kwa sababu unataka kulipua kituo chenye tiba ya ule ugonjwa unaofanya watoto wao karibu wote wazaliwe wamekufa, na usipomtuliza anauawa palepale. La pili unakutana na Mordin, mwanasayansi aliyeshiriki kuuboresha ugonjwa wenyewe, unachagua ule utafiti wa mwanafunzi wake uutunze au uufute. La tatu yote yanarudi: Wrex kama yu hai ndo kiongozi wao, ulifuta utafiti basi yule mama wa Kikrogan, Eve, anakufa, na Mordin anapanda mnara unaoungua peke yake kwenda kuachia tiba huku anaimba. Nililia, na nikirudia nalia tena. Bibi yangu Mpwapwa alikuwa anatuhadithia baada ya ugali na mlenda, na kama jana alisema fisi kaficha kitu pangoni, leo ukimuuliza kiko wapi anakujibu. Mordin ni hadithi ya namna hiyo, imejengwa toka 2007 mpaka 2012.

Halafu mwisho anatokea mtoto wa mwanga ambaye hatujawahi kuambiwa yupo, anakupa njia tatu za kumaliza vita, nyekundu, bluu, kijani, na video karibu ni ileile! Wrex niliyemtuliza kwa maneno, watu niliowavusha wote kwenye ile misheni ya kufa na kupona ya la pili, wamegeuzwa namba za jeshi kwenye orodha. Hilo ndo linaniuma, dogo, siyo huzuni ya Shepard, yule mhusika unayemwongoza, kufa.

Haya, nakubali, Juni mwaka huohuo walitoa nyongeza ya bure yenye maelezo na picha za walionusurika, na imesaidia. Nakubali pia kisa kikuu cha la pili chenyewe chembamba, wahusika ndo wamelibeba. Na Drew Karpyshyn aliyeongoza uandishi wa la kwanza hakuwepo kwenye la tatu, ila Mordin wa la tatu aliandikwa vizuri bila yeye, kwa hiyo sitaki kusikia kwamba waandishi waliisha.

Gemu lililofuata, Andromeda ya 2017, liliruka miaka zaidi ya 600 kwenda galaksi nyingine, flashi yangu haikuwa na kazi huko.

Mimi siku hizi nikirudia nafika pale Shepard na Anderson, mkuu wake wa zamani, wamekaa chini, damu zinawatoka, wanaiangalia Dunia kupitia dirisha kubwa. Nazima hapo.