Akikuomba urudie, rudia

Jumapili usiku mpwa wangu alivua hedseti, akaiweka mezani polepole, akazima kompyuta na kwenda kulala bila kusema neno. Ana miaka 15. Mpaka leo hajaigusa hiyo hedseti.

Tunarusha ndege za sim, yaani za kompyuta, mtandaoni, na wiki tatu nzima alikuwa anajiandaa kuongea na kontrola, mtu halisi anayeongoza ndege kwa redio, kwa mara ya kwanza. Amekuwa akipaa hapa Kisumu kwenda Nairobi peke yake, juu anga yetu usiku mwingi haina mtu, uko tu kwa 122.8, frikwensi ya wote, unatangaza mahali umefika na hakuna anayejibu. Sasa tukaamua aende Ulaya, huko ndio utapata kontrola wa kila hatua, delivari, graundi, mnara, aprochi, wote wako kazini. Alijipanga huyo mtoto. Nyuma ya daftari ya hesabu aliandika jina la ndege, anakoenda, herufi ya ATIS, ile taarifa ya uwanja na hali ya hewa, halafu akachora nafasi za kujaza klirensi, yaani ruhusa ya safari, ikija. Nilimwona akinong'oneza sentensi yake ya kwanza mara mbili tatu kabla ya kubonyeza kitufe.

Kontrola akamjibu kama mtu anayefukuzwa. Ruti, ranwei, mwinuko, skwoki, ile namba ya tarakimu nne ya kukutambulisha kwa rada, zote kwa pumzi moja. Kijana akasema "say again", rudia. Akarudiwa kwa spidi ileile. Kwa skwoki akashika tarakimu tatu, ya nne ikampita, akaomba tena, na ndio huyo bwana akamwambia, frikwensi nzima ikisikia, kama Kiingereza kinakushinda rudi ukafanye mazoezi ofulaini, unachelewesha wenzako.

Imeniuma sana. Na nataka niliseme hili waziwazi: usiku ule aliyekuwa anafanya kazi vizuri kwa ile frikwensi ni huyo mtoto. Hakusikia namba, akakataa kubahatisha. Angeweza kuweka tarakimu yoyote hapo mwisho na kusema amepata, wangapi wetu tumefanya hivyo kwa kuogopa aibu? Yeye aliuliza.

Kwa ndege za kweli, kutoelewana kumeua. Machi 27, 1977, Tenerife, kisiwa cha Uhispania. Ukungu, Boeing 747 mbili, moja ya KLM na moja ya Pan Am, juu ya ranwei moja. Rubani msaidizi wa KLM akasema redioni maneno ambayo mnara ulielewa kwamba wako mahali pa kupaa, wanangoja, kumbe ndege ishaanza kukimbia. Mnara ukajibu "okei", halafu ukaongeza subiri nitakuita, lakini Pan Am naye akaongea sekunde hiyohiyo, sauti zikagongana, na ndani ya KLM kikasikika kama mluzi tu. Na hapa ndio huwa naacha kusoma kwanza nipumue: enjinia aliyekuwa kwa kokpiti ya KLM aliuliza. Aliuliza kama ile Pan Am haijatoka kwa ranwei. Kapteni akamjibu kwa mkazo kwamba imetoka. Hakuuliza tena. Watu 583 walikufa. Baada ya hapo neno "takeoff", kupaa, likawekewa mipaka, redioni hulisikii mpaka unapewa ruhusa ya kupaa ama ruhusa inafutwa, wakati mwingine wote wanasema "departure", kuondoka. Sheria moja nzima ya lugha imetokana na watu kutoelewana kwa sekunde chache, halafu leo mtu anamfokea mtoto kwa kuomba kuelewa.

Utaniambia hii ni sim, hakuna anayekufa. Ni kweli. Lakini si ndio sisi wenyewe tunasema tunataka kufanya kama kwa ukweli? Basi kwa ukweli ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wanasema ukiongea redioni usizidishe maneno 100 kwa dakika. Na hiyo ni kwa marubani wenye leseni, ambao tangu Machi 2008 kuruka kimataifa kunataka kiwango cha 4 cha Kiingereza. Huyu ni mwanafunzi wa sekondari, anatumia bando za simu, sauti inakatika katikati ya neno.

Sawa, kontrola pia wana mzigo wao. Iwe VATSIM iwe IVAO, ile mitandao ya sim tunayorukia, wanajitolea, hawalipwi, na kuna marubani wanaingia online wakiwa katikati ya ranwei, chati hawana, wanaitwa mara nne kumbe wameenda kuchemsha chai. Hao siwatetei. Lakini mtu anayeuliza si mmoja wao.

Mimi mwaka wangu wa kwanza nilipotea kwa teksiwei, njia ya kwenda ranwei, usiku, ndege zingine zinakuja mbele yangu. Kontrola akazisimamisha, akaniambia simama hapohapo, sasa angalia kushoto kwako, kile kibao cha njano kina herufi gani? Nikamsomea. Akasema vizuri, tuanzie hapo. Sijui ni nani, sijui yuko nchi gani, na bado nairuka hii kitu kwa sababu yake.

Huyu mpwa wangu tangu akiwa mdogo tukipita barabara ya Busia ilikuwa lazima tusimame karibu na uwanja, ashike ua la waya, angoje ndege inayotokea upande wa ziwa hadi iguse chini. Hatukuwa tunaondoka kabla iguse. Sitaki mtu mmoja mwenye haraka amtoe hiyo.

Jana jioni alikuja mwenyewe kukaa karibu na mimi. "Anko, nikirudi naweza kuweka R?" Ile ya flaiti plani, unasikiliza kwa sauti lakini unajibu kwa kuandika; ukiweka V unajibu kwa sauti pia. Inaruhusiwa na si aibu hata kidogo. Nikamuuliza anataka R juu ya intaneti ama juu ya yule mtu. Akanyamaza.

Jumamosi saa mbili usiku tunarudi, uwanja uleule, nitakaa kando yake. Nimemwambia aweke V.