Miaka Minne ya Maswali: Barbara Castle na Kenya

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya Mto Tana, mahabusu 11 waliokuwa kizuizini bila kuhukumiwa na mahakama yoyote, katika hali ya hatari iliyotangazwa kupambana na uasi wa Mau Mau, walipigwa na askari wa gereza hadi wakafa, kwa sababu walikataa kufanya kazi ya shuruti. Wanaosimulia jinsi habari hiyo ilivyoitikisa London karibu wote hutaja hotuba moja tu, ile iliyotolewa na mbunge Enoch Powell katika Bunge la Uingereza usiku wa manane, mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Nimeisoma hotuba hiyo mara nyingi na siipunguzii uzito wake. Hata hivyo, naamini tumempa sifa zote mtu wa usiku mmoja tukamsahau mwanamke aliyekuwa ameuliza maswali kuhusu Kenya kwa miaka minne kabla ya usiku huo, na kusahau huko kumetufanya tusielewe vizuri kazi anayoweza kuifanya mbunge asiye na wizara, akiwa amekaa katika viti vya nyuma.

Mwanamke huyo ni Barbara Castle, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Blackburn kwa tiketi ya chama cha Labour mwaka 1945. Kuanzia mwaka 1951 chama chake kilikuwa upinzani, na yeye hakuwa na mamlaka yoyote juu ya makoloni. Hakuwa na faili mezani wala katibu wa wizara wa kumtuma. Mwaka 1955 lilimfikia shauri la Kamau Kichina, kibarua aliyeshukiwa kuiba fedha, akateswa na polisi hadi akafa. Hukumu ya shauri hilo ilieleza kwamba Kichina alipigwa viboko na mateke, akalishwa udongo, akanyimwa chakula, na kwamba alilazwa nje usiku akiwa amefungwa kwenye nguzo, chini ya paa lisilo na kuta, na blanketi tu la kujikinga na baridi. Maafisa wa Kizungu waliohusika hawakutiwa hatiani kwa mauaji, bali kwa makosa madogo kuliko hayo. Castle aliuliza kwa nini. Aliporidhika kwamba hapewi jibu la kweli, alisafiri mwenyewe hadi Kenya mwishoni mwa mwaka huo, kwa gharama ya gazeti la Daily Mirror, akawahoji watu na kusoma kumbukumbu za shauri, kisha akarudi bungeni Westminster kuuliza upya.

Inafaa kueleza swali la bunge lilivyo, maana wengi hulidharau. Katika Bunge la Uingereza mbunge huandika swali lake mapema, likachapwa katika orodha ya shughuli za siku, na siku ikifika waziri husimama akalijibu. Baada ya jibu hilo mbunge ana nafasi ya swali la nyongeza, na hilo waziri halijui mpaka alisikie. Ukifungua kumbukumbu za Bunge za miaka ile, utaona safu za maandishi madogo na fomula ileile inayojirudia: mbunge fulani alimuuliza Waziri wa Makoloni ni watu wangapi, ni kambi gani, ni kwa amri ya nani. Hapana ufasaha hapo, wala hakuna anayepigiwa makofi. Lakini sentensi moja kavu ya namna hiyo ilimlazimu mtumishi wa Wizara ya Makoloni kupeleka simu ya maandishi Nairobi, nako Nairobi ofisi ya Gavana Evelyn Baring ikalazimika kutafuta jibu, na jibu likaandikwa. Likiwa la kweli, tumejua jambo. Likiwa la uongo, sasa uongo una tarehe na jina la waziri, na siku moja utakutana na ushahidi.

Ndivyo ilivyotokea pia mwaka 1956, wakati Eileen Fletcher, aliyekuwa amefanya kazi katika kambi na magereza ya Kenya, alipoeleza kwamba katika gereza la Kamiti aliwakuta wasichana wa miaka 11 na 12 waliofungwa kifungo cha maisha. Wabunge kadhaa wa Labour walilibeba jambo hilo, Castle miongoni mwao, pamoja na Fenner Brockway, ambaye naye alistahili makala yake peke yake kwa jinsi alivyosimama na watu wa makoloni. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, alibishana nao kuhusu umri wa watoto hao. Sijui namna nyingine ya kulisema hili isipokuwa kwa uchungu: serikali nzima ilisimama kujitetea kwa hoja kwamba mtoto aliyefungwa maisha alikuwa mkubwa kidogo kuliko ilivyosemwa. Castle hakuacha kuuliza. Alizomewa na kuambiwa kwamba anawavunja moyo maafisa walioko kazini katika wakati mgumu, na kikao kilichofuata alikuja na swali lingine.

Kwa hiyo Hola ilipotokea, walikuwepo bungeni watu waliokwisha kujifunza kutoamini taarifa ya kwanza. Taarifa hiyo ilisema kwamba watu walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji lililokuwa likitumiwa na kikundi chote cha kazi pamoja na walinzi wao. Mtu anayelijua jua la Tana angeweza hata kuiamini. Ni eneo la joto kali, mitaro ya umwagiliaji inachimbwa katika ardhi kavu isiyo na kivuli, na mtu mwenye kiu huweza kunywa maji kupita kiasi. Aliyeitunga taarifa ile alijua vizuri atatumia nini. Hata hivyo, katika uchunguzi wa vifo hivyo hakimu W. H. Goudie alithibitisha kwamba chanzo chake kilikuwa kipigo, na ikafichuka kwamba ulikuwepo mpango ulioandikwa, uliopewa jina la afisa wa magereza John Cowan, wa kuwalazimisha mahabusu kwa nguvu waende kazini. Siku ile walitolewa watu 85. Kumi na mmoja hawakurudi wakiwa hai, na wengine wengi walijeruhiwa.

Bunge lilijadili Hola mwezi Juni, likajadili tena usiku wa Julai 27 kuamkia 28. Castle alizungumza usiku huo, kisha baada ya saa saba za usiku akasimama Powell, mbunge wa Wolverhampton kwa chama cha Conservative, yaani chama kilekile kilichokuwa serikalini. Alikuwa amejiuzulu unaibu waziri katika Hazina mwanzoni mwa mwaka 1958, kwa hiyo naye alikuwa kwenye viti vya nyuma. Mbunge mwenzake wa chama hicho alikuwa amewaita mahabusu wale watu walio chini ya ubinadamu. Powell alijibu kwamba ni fundisho la kutisha mtu kusimama kumhukumu binadamu mwenzake na kusema kwamba, kwa kuwa alikuwa hivi au vile, basi yale ambayo yangefuata kifo chake yasifuate. Akaongeza kwamba hawawezi kusema watakuwa na viwango vya Kiafrika Afrika, viwango vya Kiasia Asia, na labda viwango vya Kiingereza nyumbani kwao. Ni maneno makubwa, na yaliuma zaidi kwa sababu yalitoka upande wa serikali yenyewe. Hilo nalikubali bila ubishi.

Ninachokataa ni kuhesabu kana kwamba kazi ilianzia hapo. Powell aliweza kusimama na nyaraka mkononi, akapima jukumu la kila afisa hatua kwa hatua, kwa sababu wengine walikuwa wamekwisha kuzivuta nyaraka hizo hadharani. Hoja yake ilihitaji ukweli uwepo mezani, na ukweli hauji mezani wenyewe.

Miaka tisa baadaye mambo yalibadilika kwa wote wawili. Mwanzoni mwa 1968 Powell alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele zaidi kutaka Waasia wa Kenya wenye pasi za Uingereza wazuiwe kuingia nchini humo, na mwezi Aprili alitoa kule Birmingham hotuba dhidi ya wahamiaji ambayo ndiyo inayotajwa hadi leo kila jina lake linapotajwa. Lakini haki inanilazimu niseme la upande wa pili pia. Sheria iliyowafungia mlango Waasia hao ililetwa na serikali ya Labour, ikapitishwa kwa siku chache tu, na Barbara Castle wakati huo alikuwa Waziri wa Uchukuzi katika baraza la mawaziri la serikali hiyo. Angalikuwa bado mbunge wa kawaida, sina shaka karatasi ya maswali ingalijaa jina lake. Waziri hufungwa mdomo na uamuzi wa pamoja wa baraza, na kiti cha nyuma, ambacho wanasiasa hukiona kama adhabu, ndicho kilichokuwa kimempa uhuru wa kuuliza juu ya Kichina na Kamiti na Hola. Waingereza humkumbuka kwa sheria ya malipo sawa kwa wanawake ya mwaka 1970, na wana haki ya kumkumbuka kwa hilo. Sisi tuna sababu yetu.

Nalisema hili nikitazama mabunge yetu ya Nairobi na Dodoma, ambako kipindi cha maswali kipo, na mbunge anaweza kuuliza kwa Kiswahili, na mara nyingi ndicho kipindi ambacho viti vimebaki vitupu. Vipande vya video vinavyosambaa ni vya mbunge aliyepaza sauti, aliyemkejeli mwenzake au aliyetoka nje kwa hasira. Mbunge aliyeuliza mara ya tano ni lini ripoti ya kifo cha mtu aliyefia mikononi mwa polisi itatolewa hapati hata mstari mmoja gazetini, na wapiga kura wake huambiwa kwamba hajafanya kitu. Waandishi wa habari wana sehemu kubwa katika hilo, na sisi wasomaji pia.

Usiku ule wa Julai hakuna waziri aliyejiuzulu, wala hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa vifo vya Hola. Lennox-Boyd aliondoka wizarani baada ya uchaguzi wa Oktoba, akaja Iain Macleod, na Januari 1960 hali ya hatari iliondolewa, wajumbe wa Kenya wakaketi Lancaster House, London, kujadili katiba. Mmoja wa walionusurika Hola, Wambugu wa Nyingi, aliyepigwa hadi akapoteza fahamu na kulazwa pamoja na maiti, alikuwa miongoni mwa wazee wa Kenya waliofungua kesi London mwaka 2009. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama katika Bunge lilelile, akakiri kwamba Wakenya waliteswa, akasema serikali yake inasikitika, na akatangaza pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Kichina hakuwa na mdai. Kilichobaki juu yake ni mwenendo wa shauri lake na maswali ya mbunge wa Blackburn, yaliyopigwa chapa na kuhifadhiwa, ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua leo akayasoma.