Mlazeni ubavu wa kushoto kwanza

Makala moja niliyosoma inasema eko ya moyo (kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti) hugundua valvu mbovu, yaani milango ya moyo yenye hitilafu, ambazo sikio halizisikii. Ni kweli, lakini zahanati nyingi za vijijini hazina eko, stetoskopu zinazo. Tatizo ni haraka. Valvu ya mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) iliyobana hutoa mvumo mzito wa chini, kama lori linalonguruma mbali. Mgonjwa akiwa amekaa na shati lake utaukosa. Mlaze ubavu wa kushoto, gusisha upande wa kengele wa stetoskopu (ule ulio kama kikombe kidogo) taratibu chini ya titi la kushoto, kisha nyamaza. Valvu hiyo ikivuja, mvumo ni wa kupuliza na hukimbilia kwapani.

Binti wa shangazi yangu alitibiwa pumu miaka 2 kabla ya tabibu mmoja kumlaza hivyo na kusikia kuwa tatizo ni valvu, iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Sasa anachomwa penisilini kila baada ya wiki 4 ili homa hiyo isirudi.