Tatizo ni jina, na dawa yake ipo hospitalini

Nimesoma makala inayoshauri mashirika ya ujasusi yaige hospitali katika kutunza taarifa. Mimi nafanya kazi masijala ya wagonjwa, na naunga mkono kabisa.

Mnamkumbuka Umar Farouk Abdulmutallab, Mnigeria aliyejaribu kulipua ndege ikielekea Detroit tarehe 25 Desemba 2009? Mwezi mmoja kabla, baba yake mzazi alikwenda ubalozi wa Marekani, Abuja, kuwatahadharisha. Taarifa ilikuwapo! Lakini jina lilikosewa herufi, na walipotafuta hawakuona kuwa kijana ana viza halali.

Sisi jambo hili tunalijua. Nimewahi kushika mafaili mawili ya mama mmoja, hili Mwanaisha, lile Mwanaesha, na mzio wake wa penisilini umeandikwa kwenye moja tu. Mikono ilinitetemeka. Ndiyo maana mgonjwa anapaswa kuwa na namba moja ya kudumu. Magonjwa nayo yana misimbo: shambulio kali la moyo, daktari aliite atakavyo, kwenye ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ni I21. Ontolojia, yaani ramani ya dhana inayosomwa na kompyuta, huongeza uhusiano: kompyuta ikijua nimonia ni ugonjwa wa mapafu, ukitafuta magonjwa ya mapafu itakuletea nimonia hata kama neno "mapafu" halikuandikwa.

Ila mgonjwa huja mwenyewe na anaweza kunisahihisha dirishani. Anayefuatiliwa na majasusi hajui hata kama ana faili. Kwa hiyo kila ingizo lionyeshe nani kaandika, lini, na kalipata wapi.